Chevrolet Corvair: nani hasa aliiua hii gari?

#1 Mkwezi wa Magomeni
Wakuu salaam. Kila nikikuta orodha ya magari ya hovyo ya Kimarekani, Corvair haikosi. Na hadithi ni ileile: Chevrolet walitengeneza gari linalopinduka, akatokea mwanasheria kijana Ralph Nader, akaandika kitabu mwaka 1965 na kuipa Corvair lawama za sura ya kwanza, gari likafa.

Mimi naikataa. Corvair haikuuawa na Nader. Iliuawa na mtu wa mahesabu, tena kabla gari la kwanza halijatoka kiwandani, siku alipofuta stabilaiza ya mbele, kile chuma kinachozuia gari kulala upande kwenye kona, ili kuokoa dola chache kwa kila gari. Wahandisi walikuwa wameshaichora. Gari limeingia sokoni Oktoba 1959, chuma hicho hakipo. Mwaka 1962 wakaanza kukiuza kama nyongeza kwa anayetaka, na 1964 ndipo kikafungwa kwenye kila gari. Miaka minne watu wanauziwa pengo ambalo kiwanda kinalijua.

Kwa asiyelijua gari lenyewe: injini iko nyuma, silinda 6 zimelala, tatu huku tatu kule, inapozwa kwa upepo, rejeta hakuna. Hiyo ni Marekani ya injini kubwa za V8 (silinda nane) na mabawa ya bati nyuma, na anayeiuza si kakampuni ka vichochoroni, ni Chevrolet.

Wajuvi mje. Mnamshika nani?

#2 Chombezo
Natia nanga na karanga zangu. FundiDifu aitwe haraka.

#3 FundiDifu
Nimeitika. Mkwezi umeanza na dawa kabla hujasema ugonjwa. Stabilaiza ilikuwa dawa. Ugonjwa ulikuwa ekseli za nyuma.

Difu ya Corvair ya 1960 hadi 1964 imefungwa kwenye bodi, yenyewe haichezi. Kutoka hapo inatoka ekseli moja kila upande, na kila ekseli ina kiungo kimoja tu, pale inapoingia difu. Upande wa tairi hakuna kiungo, imeganda moja kwa moja. Kwa hiyo tairi halipandi na kushuka wima, linapiga tao. Gari likiinuka nyuma, matairi yanaingia ndani kwa chini. Likikaa, yanapanuka.

Sasa ingia kona kwa kasi. Uzito wote unaenda kwenye tairi la nje. Lami inalisukuma tairi kuelekea ndani, na kwa sababu ekseli haina pa kukunjikia isipokuwa pale katikati, nguvu ile inainua makalio ya gari. Yakiinuka, tairi la nje linajikunja chini ya gari na kukanyaga kwa ukingo. Dereva anashtuka, anaachia mafuta. Hapo ndipo anapoharibu kabisa, maana uzito unakimbilia mbele, nyuma inazidi kuwa nyepesi na kuinuka. Kinachofuata ni mkia kutangulia.

Mbele ikiwa na stabilaiza, mbele ndiyo inaanza kuteleza na dereva anapata onyo. Bila hiyo, nyuma inaondoka kimyakimya.

#4 Mzee Kobe
FundiDifu, hiyo ekseli uliyoieleza ndiyo ile ile ya Volkswagen zetu. Nimeendesha VW tangu nikiwa kijana, Korogwe kwenda Lushoto kona zote zile, mvua na jua, haijawahi kunifanyia kitu. Nilikuwa naweka mfuko wa simenti kwenye buti la mbele, basi. Mbona Nader hakumpa Mjerumani sura ya kwanza ya kitabu?

#5 Chombezo
Mzee huo mfuko wa simenti ndio stabilaiza yenyewe 😂

#6 Bibi Spana
Mzee Kobe, shikamoo. VW yako ya mwanzoni mwa miaka ya 60 ilikuwa na nguvu za farasi 34. Corvair ilianza na 80 na zikaendelea kuongezeka. Isitoshe, injini ya silinda 6 ilitoka nzito kuliko walivyopanga, na kwa jumla asilimia 62 hivi ya uzito wa gari ilikuwa imelalia matairi ya nyuma. Vilevile aliyenunua VW alijua anaingia kwenye gari la namna yake. Aliyenunua Chevrolet alitegemea Chevrolet.

FundiDifu umeruka kitu kikubwa: upepo. Kitabu cha gari kilisema mbele PSI 15, nyuma PSI 26, yakiwa ya baridi. Someni tena, mbele kumi na tano. Siyo kosa la chapa, walikusudia. Tairi laini mbele linateleza mapema, kwa hiyo mbele inaanza kutoka kabla ya nyuma. Kazi ya stabilaiza wakampa mtu wa kujaza upepo.

Na huyo mtu wa kituo cha mafuta akiletewa gari, anajaza matairi yote manne sawasawa kama alivyozoea, anapokea chenji yake, kwaheri. Kuanzia dakika hiyo mahesabu yote ya wahandisi yamefutwa na gari halina kinga tena.

#7 FundiDifu
Naongezea kwa Bibi Spana. Mwaka 1961 tairi la akiba lilihamishwa kutoka buti la mbele likapelekwa chumba cha injini, ili mizigo ipate nafasi. Yaani gari tayari ni zito nyuma, wakaongeza na tairi zima hukohuko.

#8 Mhasibu Daima
Nimeona tunatukanwa huku. Ngoja nijibu.

Mnajua mpinzani wake mwaka ule ule? Ford Falcon. Injini mbele, silinda 6 za kusimama, ekseli moja ngumu nyuma yenye springi za majani. Hakuna jipya hata moja. Nyuma ya Falcon alikuwa Robert McNamara, mtu wa mahesabu kuliko watu wote wa mahesabu Detroit. Alitaka gari jepesi, la bei ndogo, ambalo fundi yeyote wa kijijini analifungua. Mwaka wake wa kwanza Falcon iliuza zaidi ya 435,000. Corvair ilikuwa kama 250,000.

Nyuma ya Corvair alikuwa Ed Cole, mhandisi, aliyetoka kutamba na V8 ndogo ya Chevrolet ya 1955. Alipewa alichotaka: injini ya aluminiamu, gia boksi na difu pamoja nyuma, bodi isiyo na chesisi ya kando. Kila kitu kipya, kila kitu ghali, na bei ya sokoni lazima ilingane na Falcon. Sasa mkishamaliza bajeti yote kwenye ndoto ya mhandisi, hizo dola za stabilaiza zitoke wapi? Mhasibu alikuja mwishoni kuokota vipande.

#9 Mkwezi wa Magomeni
Mhasibu, umejieleza vizuri, lakini umekiri kwamba ni nyinyi mlioifuta.

#10 Mhasibu Daima
Nimekiri tuliletewa bili.

#11 Nakuru Lami
Hamjambo nyinyi watu wa Bongo. Mhasibu umeongea ukweli kuhusu Falcon, na kuna ndugu yake aliyefika huku kwetu. Mercury Comet ilikuwa Falcon iliyorefushwa na kuvalishwa nguo nzuri. Mwaka 1964 Ford walileta timu nzima ya Comet kwenye rali ya East African Safari, zikiwa na V8. Walidhani barabara zetu ni za picnic. Mbili tu ndizo zilizomaliza, tena mbali nyuma. Ushindi ulienda kwa Peter Hughes na Ford Cortina GT, kagari kadogo ka Uingereza, injini yake haifiki hata nusu ya hiyo.

Kwa hivyo hata hiyo "gari ya fundi wa kijijini" ilipewa somo na kijiji chenyewe.

#12 Chombezo
Nakuru, na VW ya Mzee Kobe je? Nasikia hizo nazo zilishinda Safari.

#13 Nakuru Lami
Zilishinda zaidi ya mara moja, ya mwisho ikiwa 1962. Kwa ekseli hizo hizo FundiDifu anazozilaani.

#14 Mzee Kobe
Asante mwanangu. Bibi Spana umeona?

#15 Bibi Spana
Nimeona Mzee. Ila kwenye vumbi mkia kufagia ni sehemu ya kazi, dereva wa rali anautaka. Mama wa watoto watatu anayerudi sokoni hautaki.

#16 Kijana wa Lansing
Habari za nyumbani. Mimi niko Michigan, huku hizi gari bado zipo, wenyewe wana vilabu na kila kiangazi utazikuta kwenye maonyesho. Nilikaa ndani ya moja ya 1961, ya otomatiki. Nieleze nilichokiona maana picha hazionyeshi.

Cha kwanza sakafu. Imenyooka, hakuna nundu katikati, kwa sababu propela shafti haipo. Watu sita wanakaa kweli. Cha pili, unatafuta gia huioni. Ni kijiti kidogo upande wa kulia wa usukani, kimechomoza kwenye dashibodi, ukubwa wa kidole. Na hakina nafasi ya kuegesha. Unavuta hendibreki na kumwomba Mungu. Cha tatu, mwenyewe alifungua nyuma nikaona feni imelala kifudifudi juu ya injini, inazunguka kama panga la dari. Mkanda mmoja unatoka kwenye puli iliyosimama, unapanda, unajipinda nyuzi 90 na kuzungusha ile feni iliyolala.

Nikamuuliza huwa haukatiki? Akacheka, akafungua buti la mbele: mkanda wa akiba na spana yake vimefungwa pamoja kwa raba.

Zilikuwa zinaunganishwa Willow Run hapahapa Michigan, jirani na kiwanda kilichotengeneza ndege za B-24 wakati wa vita.

#17 FundiDifu
Lansing umenigusa. Huo mkanda haukuwa unakatika sana, ulikuwa unaruka. Ukivuta mafuta ghafla na feni ya mwanzo ilivyokuwa nzito, mkanda unaachwa nyuma na kutoka njiani. Ukitoka, injini haina upepo, na taa ya dashibodi usipoiona mapema umechemsha aluminiamu. Baadaye walitengeneza feni nyepesi ya magnisiamu ikapungua.

Na mimi nasema hapa ndipo ilipokufa, siyo kwenye kona. Wangapi walipinduka? Wachache ukilinganisha na walionunua. Lakini kila aliyenunua aliona oili chini ya gari. Injini hii ina mirija 12 ya kupitishia fimbo za valvu, kila mmoja una raba mbili za kuzuia oili. Raba za zama zile zikipikwa na joto zinakauka na kukakamaa. Oili inadondokea kwenye silinda za moto, inaungua. Na hita ya kuanzia 1961 ilichukua hewa iliyopita kwenye silinda zilezile na kuileta ndani ya gari. Januari, Michigan, vioo vimefungwa, unavuta moshi wa oili. Jirani akikuuliza gari vipi, utamjibu nini?

#18 Mluguru Mjini
Kwani serikali ya Marekani si iliipiga marufuku? Na Nader akashinda kesi mahakamani akalipwa mamilioni kwa ajili ya wahanga.

#19 Wakili Kitambi
Mluguru, yote mawili hapana.

Corvair haikuwahi kupigwa marufuku. Kiwanda chenyewe kiliacha Mei 1969, baada ya kutengeneza karibu milioni 1.8. Waliopata ajali walifungua mashauri yao wenyewe, zaidi ya mia moja.

Shauri la Nader lilikuwa jingine kabisa. Huyu ni mtoto wa wahamiaji kutoka Lebanon, kasoma sheria Harvard, ana miaka 31 kitabu kinapotoka Novemba 1965. General Motors (GM), kampuni mama ya Chevrolet, badala ya kujibu hoja wakaajiri wapelelezi. Wakawahoji watu wanaomfahamu kwa kisingizio kwamba anatafutiwa kazi, wakapekua maisha yake ya faragha kutafuta doa. Ikafichuka. Machi 1966 rais wa GM, James Roche, aliitwa mbele ya kamati ndogo ya Seneti akaomba radhi hadharani, kamera zinawaka. Nader akawashitaki kwa kuingilia faragha yake, wakamalizana nje ya mahakama mwaka 1970 kwa dola 425,000. Fedha hizo alizipeleka kwenye kazi zake za kutetea walaji.

Kitabu kabla ya hapo kilikuwa kinasomwa na watu wa mambo hayo tu. Waliokipaisha ni GM wenyewe. Septemba 1966 Rais Johnson akasaini sheria ya usalama wa magari. Kwa hiyo kama mnatafuta muuaji, mimi nampeleka kizimbani aliyeidhinisha malipo ya wapelelezi.

#20 Mkwezi wa Magomeni
Wakili hapo umetisha. Ila jambo moja: kitabu kilitoka mwishoni mwa 1965 wakati gari la ekseli mbovu lilishaachwa, sio?

#21 Wakili Kitambi
Sahihi. Gari la modeli ya 1965 lilianza kuuzwa mwaka 1964, kabla ya kitabu. Shutuma kubwa zilihusu modeli za 1960 hadi 1963.

#22 Bibi Spana
Na modeli ya 1964 nayo iwekwe pembeni. Hiyo ilipewa stabilaiza mbele pamoja na springi ya majani iliyolazwa kukatiza nyuma. Ile springi inabeba uzito lakini haizuii gari kulala upande, kwa hiyo koili za nyuma wakaweza kuzilegeza na tairi la nje likaacha kubebeshwa kila kitu. Ekseli ni zilezile, tabia tofauti. Inasimuliwa kwamba Bunkie Knudsen, aliyeshika Chevrolet baada ya Cole, ndiye aliyewabana wakubwa mpaka ikakubalika.

Ya 1965 ni gari jingine. Kila ekseli ina viungo viwili, ndani na nje, na tairi linashikwa na mikono yake lenyewe, mtindo wa kaka yake Corvette, gari la michezo la Chevrolet. Tairi linabaki limesimama. Na bodi! Chini ya Bill Mitchell waliondoa nguzo ya katikati kabisa, kuanzia kioo cha mbele hadi nyuma ni wazi. Kwangu mimi hakuna gari dogo la Kimarekani lililochorwa vizuri zaidi ya hilo, na sitaki ubishi.

#23 Chombezo
Ubishi ninao. AMC Pacer.

#24 Bibi Spana
Mods mfungieni huyu.

#25 Nakuru Lami
Sasa niwape takwimu za magari yaliyotengenezwa muache hisia. Modeli ya 1965: kama 235,000. 1966: kama 103,000. 1967: kama 27,000. 1968: elfu 15 na kitu. 1969: 6,000. Hiyo ni gari inayoanguka kutoka ghorofani.

Lakini angalieni nini kingine kilitokea. Aprili 1964 Ford walitoa Mustang. Mustang ni nini? Ni Falcon chini, nguo mpya juu, na nafasi ya V8. Miezi kumi na miwili ya kwanza waliuza zaidi ya 400,000. Na wazo la gari ndogo ya kijana, viti viwili vya mbele vilivyotengana, gia sakafuni, nani alilianzisha? Corvair Monza ya 1960! Chevrolet walitengeneza gari ya familia, familia ikaenda kwa Falcon, lakini Monza ikapendwa na vijana bila kutarajiwa. Ford wakaona, wakanakili wazo, wakaweka V8. Corvair V8 utaitia wapi? Nyuma ya ekseli? Hata kwa turbo, na walikuwa nayo tangu 1962, walifika farasi 180 wakaishia hapo.

Muuaji ni Mustang. Nader alikuta maiti.

#26 Mhasibu Daima
Nakuru, nakubaliana nusu. Chevrolet wenyewe walishaitema hata kabla ya Mustang. Mwishoni mwa 1961 walitoa Chevy II, gari la kawaida kabisa lenye injini mbele, lililobuniwa kwa haraka kama miezi 18 ili kumfuata Falcon. Huwezi kuwa na watoto wawili wa rika moja nyumba moja, mmoja gharama kubwa mmoja nafuu, ukategemea yule wa gharama apone. Halafu Aprili 1965, miezi kadhaa kabla ya kitabu, inaelezwa kwamba ulitoka waraka wa ndani: Corvair isiendelezwe tena, kifanyike kile tu sheria itakachodai. Pesa zikaenda kwenye Camaro, jibu la Chevrolet kwa Mustang, iliyotoka Septemba 1966.

#27 Wakili Kitambi
Mhasibu, kama ilishahukumiwa 1965, mbona iliendelea kutengenezwa mpaka 1969? Wapo wanaosema kitabu kiliirefushia maisha. GM kuifuta mara moja kungeonekana kama kukiri mbele ya mahakama zote zilizokuwa na mashauri.

#28 Mkwezi wa Magomeni
Yaani Nader ndiye aliyeiokoa? Uzi huu utanimaliza.

#29 FundiDifu
Hata mimi nimekaa chini.

#30 Wakili Kitambi
Kuna la mwaka 1972 pia. Wakala wa usalama barabarani wa Marekani walizijaribu Corvair za mwanzo pamoja na Falcon, Valiant, VW na Renault za enzi hizo. Wakahitimisha kwamba Corvair haikuwa na hatari ya kupoteza mwelekeo au kupinduka kupita wenzake. Nader akaipinga ripoti. Mashabiki wa Corvair mpaka leo wanaitembeza kama hati ya kuachiwa huru.

#31 Bibi Spana
Kuwa sawa na wenzake wa mwaka 1960 si sifa kubwa. Halafu watu husahau kwamba lawama za Nader hazikuishia kwenye ekseli. Sanduku la usukani la Corvair lilikuwa mbele ya ekseli ya mbele, na nguzo ya usukani ni chuma kimoja kirefu kutoka huko mpaka kifuani kwa dereva. Mbele hakuna injini ya kupokea kishindo. Ukigongana uso kwa uso, chuma hicho kinarudi kwako. Nguzo ya kujikunja iliwekwa 1967. Hilo ripoti ya 1972 haikulipima kabisa, ilihusu kona tu.

#32 Mzee Kobe
Kwenye VW zetu vilevile tulikaa na chuma hicho miaka yote. Mungu mkubwa.

#33 Mluguru Mjini
Nimepita mahali nikaona injini ya Corvair kwenye ndege. Ni kweli au picha za kuungaunga?

#34 FundiDifu
Ni kweli. Nyepesi kwa nguvu yake, haina maji, silinda zimelala. Bernard Pietenpol, yule Mmarekani wa ndege za kujitengenezea nyumbani, aliifunga kwenye ndege zake miaka ya 60, na mpaka leo wapo wanaoruka nayo. Wengine waliiweka kwenye VW za kukimbizia mchangani. Hapo kuna mtego: injini ya Corvair inazunguka kinyume na ya VW. Usipobadilisha chochote unapata gia moja ya mbele na nne za kurudi nyuma.

#35 Chombezo
Hiyo ndiyo gari ya kukimbia wadai.

#36 Nakuru Lami
Na Falcon mliyoidharau iliendelea kutengenezwa Argentina mpaka 1991. Miaka thelathini karibu. McNamara mwenyewe alikuwa ameshapita uwaziri wa ulinzi wa Kennedy, vita vya Vietnam na Benki ya Dunia.

#37 Msimamizi
Wakuu turudi kwenye Corvair. Vietnam ina jukwaa lake.

#38 Kijana wa Lansing
Basi nirudishe mada. Nimepata moja inauzwa, saa moja kutoka ninapokaa. Ni ya 1963, Monza, mikono, gia nne. Bodi safi chini haijaoza sana. Ushauri?

#39 FundiDifu
Tafuta ya 1964. Ekseli zilezile za kihistoria lakini zimeshatibiwa, na injini ndiyo walipoikuza kufika lita 2.7.

#40 Bibi Spana
Tafuta ya 1965 kuendelea. Viungo viwili.

#41 Mzee Kobe
Chukua hiyo hiyo. Gari ni dereva.

#42 Mhasibu Daima
Anauza bei gani na raba za mirija zimebadilishwa lini? Siku hizi kuna raba zinazostahimili joto. Kama bado ni za kale, injini yote inafunguliwa juu, weka hiyo kwenye bei.

#43 Bibi Spana
Na mwambie awashe hita dakika kumi, vioo juu, uwe umekaa ndani. Ukitoka macho yanawasha, mhasibu wetu ana kazi.

#44 Kijana wa Lansing
Nimempigia. Raba hajui. Hita anasema hajawahi kuiwasha. Matairi ni mapya, kajaza PSI 32 yote manne.

#45 FundiDifu
Usiiendeshe mpaka nyumbani. Kodi gari la kubeba.

#46 Mzee Kobe
Gari la kubeba la nini? Apunguze upepo wa mbele palepale, aondoke zake.

#47 Bibi Spana
Mzee, matairi ya sasa si yale ya mwaka 1963, usimpeleke kwenye 15 bila kuuliza wenye vilabu huko kwao. Lansing, stabilaiza ipo mbele? Ingia chini uangalie, kwa mwaka huo ilikuwa ya kuagiza.

#48 Kijana wa Lansing
Jumamosi naenda na tochi. Nitaweka picha.